Usukani Mwepesi wa Musembi

Musembi alitoka Kitui akiwa barubaru, akaja kuwa dereva katika shamba moja la mkonge huko Kilifi. Pikapu aliyokabidhiwa ilikuwa imeundwa kabla ya Uhuru, na usukani wake uliwatoa jasho madereva wengi. Yeye aliipindisha kati ya safu za mkonge huku akipiga mbinja. Shamba lilipofungwa, mapema miaka ya themanini, akaomba pikapu iwe ndiyo kiinua mgongo chake. Wenye shamba wakampa huku wakicheka, maana chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kula madigadi na sakafu.

Akaikokota hadi Malindi, kwenye gereji ya Gona, fundi waliyejuana tangu huko mkongeni. Wakaifufua pole pole. Bodi ikachomelewa, injini ikanguruma, rangi ya samawati ikang'aa. Lakini ilipoanza kubeba korosho kutoka Vitengeni, Musembi akaja na lalamiko.

"Fundi, usukani umekuwa mzito. Unanishinda kwenye kona."

Gona akabadilisha kingipini, vile vyuma ambavyo magurudumu ya mbele hupindia, akatia grisi. Musembi akarudi na neno lile lile. Ndipo Gona akaiendesha mwenyewe. Usukani ulikuwa mzito kama ulivyokuwa miaka yote, si zaidi. Akashuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akamrudishia Musembi ufunguo.

Nyumbani Maweni, mkewe Kasiva alikuwa akiona mengine. Mumewe alihangaika na vifungo vya shati, na nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea.

"Baba Jedida, twende hospitali."

"Hospitali nikafanye nini? Mimi ni mzima. Gari ndilo gonjwa."

Siku moja Musembi akaona gereji kwa Gona gari la hoteli lililobondeka kwenye ajali. Lilikuwa na usukani wa pawa, ule unaosukumwa na oili, hata mtoto anaugeuza.

"Nifungie huu," akasema.

"Haukuundiwa gari lako. Itabidi nikate chesesi, mifupa yenyewe ya gari."

"Kata!"

Ikawa kazi ya kuumiza kichwa. Pampu haikuwa na pa kukaa, Gona akaichongea kikalio cha chuma kando ya injini. Mkanda ukateleza na kupiga kelele, mipira ikavuja, mchanga ukalowa oili. Musembi alikuja kila asubuhi, akakaa juu ya tairi akimpokeza Gona spana. Spana zilimponyoka, na Gona akaziokota kana kwamba hakuona.

Hatimaye Musembi akawasha injini, akagusa usukani kwa kiganja kimoja, na magurudumu yakapinda pale pale yalipokuwa. Akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Umeniponya, fundi!"

Wakashika njia ya Watamu, Gona kando yake. Musembi alipinda kona moja baada ya nyingine, akaanza tena mbinja zake. Mbele ng'ombe wakavuka barabara. Akakanyaga breki, akataka kukanyaga na klachi, mguu wa kushoto ukateleza kwenye pedali. Gari likaruka, likazima. Akauinua mguu kwa mikono miwili, akauweka juu ya pedali. Ukaanguka.

"Klachi nayo nzito," akasema.

"Klachi haina kitu, ndugu yangu," Gona akamjibu kwa sauti ya chini. "Wala usukani haukuwa na kitu."

"Ulijua?"

"Tangu kingipini."

"Na bado ukakata chesesi!"

"Ningekwambia nini? Kila nikifungua mdomo, naona unavyonitazama."

Musembi akainamisha kichwa. "Kosa likiwa la gari, Gona, hutengenezwa."

Gona ndiye aliyelirudisha gari mjini.

Daktari wa Mombasa alisema ni maradhi yanayokula misuli, hayana dawa, na yatapanda hadi kwenye ulimi na pumzi. Gona akajitolea kumwendeshea pikapu, apate chochote cha kulisha watoto. Musembi akakataa. "Muuzie mtu wa mbali, nisiisikie ikipita." Ikachukuliwa na mchuuzi wa Mariakani, aliyeondoka akiusifu usukani.

Kabla ya masika ya mwaka uliofuata, ulimi nao ulikuwa umekwenda. Musembi alilala akimtazama Kasiva, na Kasiva akakisia: maji? mto? nikufunike? Mara nyingi alikosea, na kila alipokosea mumewe alifumba macho.