Waya Nilioufungua Watu Wasione

Kosa ni langu. Si la mashine, si la mteremko, wala si la marehemu. Kwa shemeji zangu nimekaa kimya kama sijui kitu, lakini hapa hamnijui, acha niseme.

Baba mkwe alikuwa mtunza bustani. Alipostaafu walimpa mashine kuukuu ya kukatia majani, ile ya kusukuma kwa mikono, injini ya petroli juu na kisu chini. Kila Jumamosi alikata ukoka wa uwanja wake, hadi wapita njia wakawa wanasimama kuutazama. Alipofariki, injini nayo ikafa, na majani yakapanda hadi dirishani. Mama mkwe hakutaka mtu aingize fyekeo. Alitaka kusikia mlio ule ule.

Nami nikajitia kimbelembele, nikasema niachieni mimi. Nikapata injini iliyotumika kwa fundi mmoja wa mtaa wa Nyakato. Matundu ya boliti yakalingana na ya zamani, kisu kikakaa vizuri. Nikajiona mhandisi!

Kikabaki kitu kimoja. Mashine hizi zina kichuma unachokibana pamoja na mpini. Ukikiachia, breki inakamata na injini inazima hapo hapo. Sasa kebo ya zamani ilikuwa fupi, haikuifikia breki ya injini mpya. Fundi aliniambia nisubiri aitafute nyingine. Nisubiri nini, na misa ya kumkumbuka mzee ni kesho? Nikachukua waya wa kufungia nondo, nikaivuta ile breki na kuifunga ibaki wazi, isikamate hata nikiachia mpini. Mke wangu akaniuliza, "Ikikuponyoka je?" Nikamjibu kwa jeuri kwamba mimi si mtoto.

Wasiotoka kwetu Usukumani niwaeleze. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawagusani, hawaketi pamoja. Akija upande wako, unaacha ulichoshika, unatoka njiani, unageuza uso. Nimefanya hivyo tangu nilipooa, na mwili umeshazoea, hausubiri kuambiwa.

Basi mashine ikaunguruma. Nilikuwa juu ya uwanja, na uwanja wa wakwe zangu unateremka kama viwanja vingi vya huku kwetu Mwanza kwenye mawe. Mama akausikia mlio, akatoka jikoni. Nadhani alisahau kwamba ni mimi. Alikuja moja kwa moja akipandisha katikati ya majani, anatabasamu.

Nilipomwona nikaachia mpini, nikasogea pembeni, nikageukia kwenye jiwe.

Jamani! Mashine haikuzima. Nilipogeuka niliiona inateremka peke yake kumfuata, na mimi mikono mitupu. Nilikimbia, sikuifikia. Kitenge chake kilijizonga kwenye kisu, ndipo injini ikakabwa na kunyamaza, lakini mguu ulikuwa umeshaingia.

Na hapo nikasimama. Mama anavuja damu mbele yangu, nami siwezi hata kumshika! Nikabaki kando napiga kelele za kuita watu. Padre aliniambia baadaye kwamba ningemshika tu, hakuna ambaye angenilaumu. Huenda. Lakini mikono haikunyanyuka.

Mke wangu na kaka yake wakambeba hadi kwenye bajaji, wakaondoka. Nikabaki na mashine. Mnajua nilichofanya? Niliufungua ule waya nikautupa chooni.

Hospitali walimkata vidole vya mguu. Sasa anatembea kwa fimbo, na kanisani anafika wimbo wa kuingilia umeshaisha.

Shemeji aliikagua mashine akasema ni uchakavu tu, mzee alituachia balaa. Akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama alilia siku hiyo kuliko siku aliyoumia. Na mimi, mnafiki mkubwa, nilisaidia kuipakia.

Wanajumuiya walipokuja kumpa pole, mmoja alihoji kwa nini niliachia mashine inayowaka. Nilikuwa nje, upande wa pili wa ukuta, nikamsikia mama akinitetea.

"Msimlaumu mkwe wangu," alisema. "Alikuwa ananiheshimu."

Natamani kumwambia ukweli. Lakini nitamwambiaje mtu ambaye hata kuketi naye siruhusiwi? Ni lazima nimtume mke wangu. Na mke wangu, aliyeniuliza swali lile, hajaniuliza tena lolote. Kila nikianza kuligusia, anainuka kwenda kuosha vyombo. Sijui kama anajua. Naogopa kujua.

Majani yamepanda tena hadi dirishani. Juzi nilimsalimu mama kwa mbali, nimeinama, akaitikia vizuri tu. Kisha akamtuma mke wangu aje kuniuliza kama naweza kumtafutia mashine nyingine, maana hamwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Nikasema sawa.

Wewe unayebadilisha injini ya mashine ya zamani, usikate hata jani moja kabla breki haijaunganishwa. Iwashe mahali tambarare, uachie mpini, uone kwa macho yako kama imezima. Misa itasomwa hata majani yakiwa marefu, yaache yasubiri. Na kama kuna kitu umekifunga kwa waya, kifungue kabla hujawasha. Mimi nilikifungua baadaye, na sina wa kumwambia.