Kitu cha Bluu Mtoni Nzoia

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwachia mtu mwingine aniambie ninachokiona. Haya yalinipata mchana kweupe, hapa Doha, katika chumba chetu cha Fereej Bin Mahmoud. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa mlinzi wa hoteli, lakini nilijifundisha mwenyewe mtandaoni kutambua taka kwenye video. Kikundi fulani cha nyumbani Kenya kilifunga kamera darajani, juu ya mto Nzoia, kijue plastiki inayoteremka kwenda ziwani. Walinitumia video, nami nikaweka alama: chupa, mfuko, ndala, gugu. Kwa hofu ya kukosea nilirudia kipande kimoja hadi macho yakaniuma.

Rafiki yangu Wafula, dereva, alikuwa ameenda likizo kwao, ng'ambo ya mto huohuo. Ijumaa moja, wenzangu wa chumbani wakiwa kanisani Mesaimeer, maana huku ibada husaliwa Ijumaa, akabisha hodi. Alisema amerudi mapema. Nilifurahi kama mtoto. Akaketi nyuma yangu, akaanza kunisaidia.

"Msee, utazeeka kabla hiyo chupa ifike ziwani," akanitania. "Andika, songa!"

Alikuwa na jicho kali, niamini. Akaja Ijumaa nyingine, na nyingine, kila mara tukiwa wawili tu. Hata kanisa niliacha kwa ajili yake. Chai niliyomwekea ilipoa bila kuguswa. Ningeshuku nini, kwa rafiki?

Kwenye video ya siku za mafuriko kikapita kitu kirefu cha bluu, kimenaswa na magugu. Nikataka kukikuza. Akanishika bega, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Huo ni mfuko wa mbolea. Songa, bro."

Nikaandika: mfuko, plastiki.

Ijumaa iliyofuata hakutokea, nami nikaenda kanisani Mesaimeer. Nekesa, muuguzi, binamu yake Wafula, akanivuta kando.

"Wewe ndiye rafiki yake. Wafula ako wapi? Alishuka kwa ndege akatupigia, na boma hakufika. Mama yake hafungi mlango usiku."

"Si ako hapa? Ijumaa iliyopita alikuwa kwangu."

"Usinichezee, wewe! Hata kazini kwake wanamtafuta."

Nilikumbuka ule mkono wa baridi, nikarudi mbio, nikaifungua ile video, nikaikuza. Lilikuwa shati la bluu la kazi. Ndani yake mlikuwa na mtu, na uso niliujua.

Sauti ya Wafula ikatoka nyuma yangu. "Nilikwambia usonge."

"Umenifanya nikuandike takataka!"

"Takataka hazililiwi, bro. Mama angengoja tu. Afadhali kungoja kuliko kuzika."

"Mbona mimi?"

"Wewe unaniamini."

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Nikampigia Nekesa, kisha wale wa kamera. Walitafuta kuanzia darajani kuteremka, wakampata kwenye mafunjo. Mama yake alilia, akamzika, na sasa anafunga mlango. Wenye kamera waliniuliza nilikosaje kumwona mtu mzima. Wakaninyima kazi.

Watu hudhani ninachoogopa ni maiti. Hapana. Kinachonichoma ni kwamba alipotafuta mtu wa kudanganya, alikuja moja kwa moja kwangu. Kwa hiyo wewe unayesoma, rafiki akikuharakisha upite kitu bila kukitazama, simama hapohapo.

Baadaye kikundi kingine kilinipa mto mwingine. Naukagua peke yangu, polepole, na sijafanya rafiki tena.