Mstari wa Gasper

Tusekile ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Isansa, na kusamehe haraka hakumo kwenye damu yake. Shangazi zake wanasema amerithi kwa bibi, naye hakatai.

Kwa miaka sita alifanya kazi kwa wakala mmoja wa forodha pale Tunduma, ofisi inayotazama foleni ya malori. Barua pepe zote zilipita kwenye kompyuta kuukuu ya Linux, programu isiyolipiwa, aliyoifunga mwenyewe chini ya meza. Mwaka jana washirika wa Lusaka walileta mfumo mwingine wa barua, wa kulipia, lakini kwa wakubwa tu. Makarani wakabaki kwenye Linux. Tusekile akaiunganisha mifumo hiyo miwili: kila barua iliingia Linux kwanza, mashine ikatazama orodha ya majina aliyoiandika yeye, na za wakubwa ikazivusha kwenda mfumo mpya. Ilimchukua wiki tatu.

Wageni wa Lusaka walipokuja kukagua, mmoja akauliza kwa heshima ya kwao, "Fundi wenu ni nani, mukwai?"

Meneja Gasper akajipiga kifua. "Mimi mwenyewe. Huyu dada anatusaidia chai."

Tusekile alikuwa ameshika chupa ya chai kwa sababu Gasper ndiye aliyemtuma. Akamimina vikombe vyote. Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu, Gasper aumbuke mbele ya watu, hata kama kazi yake mwenyewe ingeota mbawa.

Jumatatu akafungua orodha, akafuta mstari mmoja, wa Gasper. Basi. Kwa kuwa Gasper hakuwa na sanduku lake kwenye Linux, kila aliyemwandikia alirudishiwa barua yake na jibu kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mteja wa Nakonde alirudishiwa. Lusaka walirudishiwa mara nne. Fundi wetu Gasper akazima kompyuta, akaiwasha, akachomoa nyaya na kuzichomeka, jasho linamtiririka makarani wakimtazama. Tusekile alikula mhogo wake taratibu, na hajawahi kula mhogo mtamu kama ule.

Alhamisi mwenye kampuni, Mama Violet, akaja mwenyewe kutoka Vwawa.

"Gasper, si ulifunga wewe? Tengeneza basi."

Gasper akatazama sakafu. "Mama, alifunga Tusekile."

"Sema wenzako wasikie, bosi," Tusekile akamtolea uvivu.

Gasper akarudia kwa sauti. Ndipo Tusekile akaurudisha ule mstari, na barua zikaanza kumfikia.

Mama Violet hakuwa mjinga. "Mwanangu, ni wewe uliyemfuta?"

Angeweza kuisingizia mashine, na hakuna ambaye angegundua.

"Ni mimi, Mama."

"Mizigo ya watu imelala mpakani siku tatu. Siwezi kukaa na wewe tena." Akamwangalia akikusanya vitu vyake, kisha akauliza kwa upole, "Hujuti hata kidogo?"

"Najuta, Mama," Tusekile akasema, akifunga mkoba. "Nimemrudisha mapema mno."