Kiti cha Mzee kilichong'oka mguu, na gundi iliyokataa kushika

Niaje wakuu. Kuna mwenzetu hapa ameuliza kama atupe meza yake iliyovunjika anunue mpya. Jibu langu ni refu kidogo, lakini sijaongeza chumvi.

Mwisho wa miaka ya themanini nilikuwa naishi Kitale, nafanya kazi kwa stoo ya mahindi. Nyumbani ni Misikhu, upande wa Bungoma.

Baba alikuwa na kiti chake cha mvule, kile cha mikono. Hakuna mwingine alikikalia. Hata Mama alikuwa anakaa kwa mkeka.

Mzee akafariki. Siku za matanga watu walikuwa wengi, kiti kikaburutwa huku na huku, mguu wa nyuma ukang'oka.

Kaka yangu mkubwa, Wafula, akasema kipasuliwe kuni, yeye ataleta sofa. Mama hakubishana. Alikiokota, akaniambia polepole, "Simiyu, jaribu hiki kwanza."

Nikakipandisha juu ya basi, kwa keria ya mizigo, mpaka Kitale.

Mimi si fundi, wakuu. Nilinunua gundi ya mbao kwa duka la Muhindi, ile nyeupe kama maziwa, nikamwaga ndani ya tundu, nikarudisha mguu. Kesho yake nikaugusa tu, ukatoka kama jino la mtoto.

Hapo ndio nikashikwa na hamu ya kujua. Kwa nini ikatae?

Nikamulika tundu na tochi. Ndani kulikuwa na gundi ya zamani, imekauka, inang'aa kama kioo. Kumbe gundi yangu ilikuwa inashika gundi, haishiki mbao.

Nikaloweka kitambaa kwa maji moto, nikakiacha hapo mpaka ile ya zamani ikalainika, nikaikwangua na kisu. Harufu yake, bana, ni ya ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa. Mke wangu akauliza ati napika kwato ndani ya nyumba.

Mbao ilipokauka nikapaka gundi mpya pande zote mbili, nikakaza na tyubu ya baiskeli mpaka gundi ikachuruzika nje, nikaipangusa.

Halafu kungoja. Hiyo ndio ilikuwa kazi ngumu. Kila nikitoka kazini natamani kutingisha kidogo tu, nione.

Nilipofungua tyubu nilikaa, nikajirusha. Hakikulia hata kidogo.

Jumapili nikakirudisha Misikhu. Wafula alikizunguka, akakitingisha, akauliza nimepiga misumari wapi. Nikamwambia hakuna hata mmoja. Basi akaanza kusema, kwa vile Mzee hayuko, kiti ni cha mtoto wa kwanza. Nikamuuliza, si ulitaka kuni? Maneno yakaanza kupanda.

Mama akatoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Akapita katikati yetu, akageuka, akakaa. Akaegemea, akaweka mikono pale Mzee alikuwa anaweka yake.

"Nimekipanguza vumbi miaka yote," akasema. "Sikuwahi kujua kukaa hapa kukoje."

Wafula ndiye alienda kumletea chai.

Kwa hivyo mkuu mwenye meza, usikimbilie duka. Kwangua gundi ya zamani, kaza vizuri, ngoja. Mti mzuri haufi kwa sababu kiungo kimeachia.

Na nyinyi wengine, kile kiti cha wazazi kiko wapi saa hii, na nani hukikalia? Andikeni hapo chini, nasoma yote.