Nimero Niliyoirudisha

Nilikuwa mtu wa hasira. Nasema nilikuwa, lakini mke wangu akisikia hivyo atacheka, basi niseme ukweli: ni mtu wa hasira mpaka leo. Asubuhi ile nilipoacha kazi ya kampuni, baada ya miaka kumi na moja ya useremala, ni hasira iliyonipeleka biro, ofisini kwao. Akili ilibaki nyuma.

Siku zile za Wabelgiji, hapa Élisabethville, ukiandikwa kazi kwenye kampuni ulipewa nimero, namba yako. Iligongwa juu ya kibati cha shaba, cha mviringo, ukakivaa shingoni. Kwa nimero hiyo ulipata nyumba ya kambi, blanketi, dawa, na posho ya unga na nyama kila Jumamosi. Mke wako aliandikwa kwa nimero yako. Watoto wako walipimwa uzito kwa nimero yako. Mzungu aliyetusimamia karakanani alikaa nami miaka sita bila kuniita jina hata siku moja. Aliita nimero, tena kwa kuikata, tarakimu mbili za mwisho tu.

Siku hiyo aliniita hivyo mbele ya vijana niliokuwa nawafundisha. Akalitupa chini gurudumu la mbao nililolichonga siku nne, la kutengenezea kalibu ya kumiminia chuma, akisema halilingani na mchoro. Lililingana kabisa. Yeye ndiye aliyeushika mchoro kichwa chini! Nikamwambia hivyo. Vijana wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomaliza mambo.

Sikuwa naruka gizani. Kulikuwa na Mgiriki mmoja mjini, mwenye karakana ya makabati na viti kwa nyumba kubwa za Golf, mtaa wa Wazungu. Jumapili moja alinisubiri nje ya kanisa. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni jina langu, akalirudia mara mbili ili asilikosee. Eh, bwana we! Mtu mzima naye hununuliwa kwa kitu kidogo. Kwa hiyo nilipotoka mbele ya msimamizi, nilikwenda moja kwa moja biro, nikavua kibati shingoni nikakirusha juu ya meza ya karani. Kililia kwenye ubao. Mlio ule ulinifurahisha njia nzima.

Nilimwambia mke wangu jioni, tukila bukari, ugali wetu wa mahindi. Nilingoja kelele. Tulipewa siku nane tu kuhama, na nyumba ilikuwa ya matofali, yenye bomba la maji karibu. Yeye akamega tonge, akatafuna, akameza.

"Tutaenda Ruashi," akasema. "Kule bantu banajijengea. Mi siogope kufyatua matofali."

Nikamshukuru Mungu kwa mwanamke wa namna ile. Kisha akaniuliza:

"Na mutoto?"

"Batoto batatufuata, njo nini?"

"Siulize bale. Naulizia ule."

Nikasimama na tonge mkononi. Mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa surua, mwaka wetu wa pili kambini. Tulimzika kwenye makaburi ya kampuni, ndani ya uzio. Misalaba ya kule yote ilikuwa sawa: mbao iliyopakwa rangi nyeusi, na juu yake, kwa rangi nyeupe, nimero ya baba. Jina halikuandikwa. Mlinzi wa lango hakumruhusu mtu ila mwenye nimero ya msalaba, au mke wake. Kila Jumamosi, baada ya posho, mke wangu alikwenda kung'oa majani. Na kila mtu wa kambi alijua kwamba nimero haikai bure: ukiirudisha, anapewa mgeni.

Nilikuwa nimekimbia ile nimero kwa sababu ilinidharau, nikamwacha binti yangu amelala chini yake. Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Niseme kama ilivyo: nilimsahau mtoto wangu.

Asubuhi nilikwenda biro kabla mlango haujafunguliwa. Karani alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu mpole, mwanafunzi wa mapadri. Nikamwomba. Mimi, mtu wa kiburi vile, nikamwomba nikiwa nimeshika kofia kwa mikono miwili. Akafungua buku lake, akanionyesha.

"Nimero yako imeshaenda. Tulimupa muntu wa Kilwa jana mangaribi. Ukitaka kuomba kazi upya, utapewa ingine."

Ingine ingenisaidia nini? Isingefungua lango. Majuto ni mjukuu, wanasema wazee, na mjukuu wangu alikuwa amefika haraka.

Nikamtafuta mtu wa Kilwa, Kilwa ya huku kwetu ziwani. Nilimkuta kwenye mstari wa blanketi, mvuvi wa ziwa Mweru, mwembamba, makamo yangu. Kibati kilikuwa kifuani pake, na nikautambua mkwaruzo wa patasi yangu pembeni. Nilisikia wivu, kana kwamba nimemwona mtu amevaa shati langu.

"Ndugu," nikamwambia, "ile nimero iko na mutoto."

Akaogopa sana. Alidhani namletea kesi, au uchawi. Ilibidi nimweleze mara tatu. Mwishowe akakubali twende. Mlinzi akatazama kibati, akamfungulia mgeni, mimi baba nikapita nyuma yake kama mtu wa kusindikiza.

Mvuvi hakujua kusoma. Mbele ya msalaba alivua kibati, akakishika kando ya rangi nyeupe, akalinganisha tarakimu kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho. Kisha akauliza:

"Mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamuke. Alikuwa anaanza kusema."

Akapiga magoti, akakunja viganja akapiga makofi polepole, vile watu wa kwao wanavyomwamkia mtu wa heshima. "Bibi yangu atakuya kila posho," akasema, yaani mke wake. Mimi nililia pale, na sikuona haya.

Tukahamia Ruashi. Matofali tulifyatua wenyewe, na mvua ya kwanza ikatuangushia ukuta mmoja. Mgiriki aliniita kwa jina hata siku za kunigombeza, na hilo sitalipunguza thamani. Lakini kila Jumamosi mke wangu alitembea kwa miguu mpaka langoni, mke wa mvuvi akamshika mkono akamwambia mlinzi, "Huyu ni dada yangu." Alirudi jioni miguu imejaa vumbi jekundu, asinilaumu kwa neno. Afadhali angenitukana.

Miaka ikapita. Siku moja, katikati ya kazi, mvuvi akaingia karakanani, amevaa koti. Kwa miaka ile alikuwa akiniita yaya, kaka yake mkubwa.

"Yaya, naacha kazi. Narudia ku ziwa."

Nikampongeza, nikamwuliza habari za safari, nikarudi kwenye randa yangu. Hakuondoka. Alikuwa anazungusha kofia vidoleni.

"Yaya, na mutoto? Namuacha na nani?"

Nikaweka randa chini. Nilimwomba Mgiriki ruhusa, tukapita Ruashi kumchukua mke wangu, tukaenda wote watatu mpaka biro. Nje kuna benchi ambapo wageni wanangoja kuandikwa kazi. Tukakaa pale kuwatazama nyuso, tukitafuta nani anafaa. Karani akatoka mara mbili kumwambia mvuvi aingie arudishe kibati, watu wafunge buku. Mara zote mbili akakataa. Alikifunika kwa kiganja, akasema atakitoa mkononi mwa mtu ambaye kwanza amefika kaburini akamwona mtoto.

Mke wangu akamtazama, kisha akanitazama mimi. Mimi, baba wa mtoto, nilikuwa nimekirusha kibati kile juu ya meza.