Mkwe Jikoni

Sabina Werema alikata minofu ya sangara tangu ujana wake, katika kiwanda kimoja pale Musoma, hadi kiwanda kilipofungwa na kumwachia mabuti ya mpira na kikohozi cha baridi. Kila alikobisha hodi baada ya hapo aliambiwa wanatafuta vijana. Basi ulipokuja mradi wa kuwafundisha kazi mpya watu waliovuka miaka hamsini, alikuwa wa kwanza kujiandikisha katika mtaa wake wote wa Nyakato. Akajifunza mapishi ya hoteli. Wajukuu walimcheka kwa ile kofia nyeupe, naye akacheka nao, maana furaha yenyewe aliisahau siku nyingi.

Mafunzo yalipokwisha, Brenda, binti aliyesimamia mradi, akampangia mwezi wa majaribio kwenye hoteli moja ya Bunda. Mpishi mkuu akimkubali, ataajiriwa. Sabina aliposikia jina la mpishi mkuu, alitikisa kichwa. Alikuwa Emanuel, mume wa binti yake Anastazia.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Sisi huku na mkwe hatukaagi chumba kimoja. Hata mkono hatupeanagi."

"Mama, hii ni kazi, si harusi," Brenda akajibu. "Ukikataa, nafasi nyingine sina."

Akaenda. Emanuel akiingia jikoni kwa mlango wa mbele, Sabina anatokea wa nyuma na beseni lake la viazi. Anapika, anaacha sufuria, mkwe anakuja kuonja yeye akiwa uani ameupa mlango mgongo. Sahani zilirudi tupu. Wageni wakawa wanauliza samaki wale kawapika nani, na Sabina, akisikia kupitia dirishani, aliona kazi ameshaipata.

Mwezi ulipokwisha, Burito, mwenye hoteli, aliingia jikoni na kumuuliza Emanuel mbele ya vijana wote, "Huyu mama unamwonaje, abaki?"

Sabina alikuwa nyuma ya ukuta, kisu mkononi, ameacha kumenya. Emanuel alitazama sufuria. Akachukua mwiko, akakoroga.

"Basi nimeelewa," Burito akasema. "Na mimi kila nikipita namkutaga nje tu. Wazee hawa ni wavivu."

Haya, niambieni ni mila gani inayomkataza mtu kusema mama mkwe wake anajua kupika. Mwaka jana mtoto wake alipougua, Emanuel huyohuyo alimpigia Sabina simu aje amuuguze, na mila haikumziba mdomo. Aliona haya tu, vijana wasije kujua kwamba anayemenya viazi chini yake ni mama wa mkewe. Na Sabina alilijua hilo tangu pale ukutani, ndiyo maana hakulia.

Brenda alikwenda kuwaeleza wakubwa wake kwamba watu wazima wanashindwa kuzoea kazi mpya.

Jumapili Anastazia akaja Nyakato na kitenge kipya kutoka kwa mumewe. "Anasema hakuweza kukusemea mbele za watu, mama. Anakuheshimu sana."

Sabina alikipokea. "Mwambie heshima yake nimeiona."

Kesho yake alishuka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kuwaparia watu, kitenge kile amekifunga kiunoni juu ya gauni lake kuukuu, na damu ya sangara ilipokirukia hakuifuta.