Kwacha Zilizolala Kwenye Godoro

Noti za kwacha za zamani zilinuka dagaa. Zilipita mikononi mwa wachuuzi wa samaki waliotoka upande wa Zambia, mwa utingo wa malori wenye mikono ya grisi, na mwa wanawake waliozifunga kwenye pindo la kitenge mchana kutwa, hata zilipofika Tunduma zilikuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Upande mmoja palikuwa na tai, upande wa pili mtu aliyekata mnyororo, na sifuri zilijipanga nyingi mno. Mkate mmoja tu uliwataka wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, watoe maelfu. Nyumbani kwetu shilingi na kwacha ziliishi pamoja kama wake wenza, leo huyu ana thamani, kesho mwenzake, na sisi watoto tulijua kuzibadilisha kichwani kabla hatujajua kuzidisha vizuri shuleni.

Shangazi Sekela, dada wa baba yangu, aliishi nasi tangu ndoa yake ilipovunjika. Hakuwa na mtoto. Aliuza maharage na karanga karibu na mpaka, na wateja wake wengi walikuwa Wazambia. Mimi na yeye tulilala kitanda kimoja, juu ya godoro la sponji alilolichana upande wa chini na kulishona tena kwa uzi mweusi. Mle ndani aliweka kwacha zake. Alitaka kiwanja, chumba kimoja na kibaraza cha biashara, ili asizeeke akiwa mgeni katika nyumba ya kaka yake. Akiba haiozi, aliniambia, akanisihi baba asijue, kwa sababu fedha ikishajulikana ukoo huiitishia kikao. Nilikuwa na miaka kumi. Niliona fahari kubwa kuwa mtu mzima ameniamini, nikaahidi.

Mwaka huohuo bibi yangu, mama mzazi wa Shangazi, alipooza upande mmoja, na Shangazi akarudi kijijini kwetu Isansa kumuuguza. Godoro aliniachia mimi. Haikupita miezi mingi, redio za ng'ambo zikaanza kutangaza kwamba Zambia inafuta sifuri tatu kwenye fedha yake. Noti mpya zitatoka, na za zamani zirudishwe benki kabla ya tarehe iliyowekwa. Pale mpakani lilikuwa jambo la kila mdomo. Sarafu, ambazo mimi sikuwahi kuziona zikitumika Zambia, zilirudi ghafla, na watoto wa jirani walizigonga gonga sakafuni kusikia mlio wake. Wakati huohuo wajanja waliwazunguka wanawake sokoni wakiwaambia noti zao zimeshakufa, wakazinunua kwa bei ya kutupa, kisha wakavuka kwenda kuzibadilisha kwa thamani kamili.

Likizo ilipofika tulikwenda Isansa kuchuma kahawa. Nilimkuta Shangazi nyuma ya nyumba akimwoshea bibi nguo, nikamweleza yote niliyosikia. Hakuacha kufua. Aliniuliza ni nani kaniambia, nikasema redio, na watu wa mpakani.

"Hao watu wa mpakani ndio waliowahi kunilipa bunda la karatasi tupu katikati ya noti mbili," alisema. "Leo wanataka nizitoe zote wazione. Ziache zilale, mwanangu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilijua kwamba safari hii si uongo, kwani hata mwalimu wetu alikuwa ametueleza, lakini niliinama nikamsaidia kukamua nguo. Nilirudi Tunduma na siri yangu. Mara kadhaa nilimkuta baba akisikiliza redio barazani, matangazo yaleyale yakirudiwa, nikasimama mlangoni nikitaka kusema. Kumwambia kulikuwa kumsaliti Shangazi, na kunyamaza kulikuwa kumwangamiza, nami sikuwa na akili ya kutafuta njia ya tatu. Niliingia ndani, nikalala juu ya zile noti. Tarehe ilifika, ikaongezwa muda wa kubadilisha benki, na muda ule nao ukaisha.

Bibi alikufa baada ya misimu miwili ya kahawa. Shangazi alirudi amekonda, na Jumatatu ya kwanza alikata ule uzi mweusi kwa wembe. Noti zilitoka zikiwa zimenyooka, safi kuliko zilivyoingia. Alikuwa ameshasikia mengi kufikia hapo, na nadhani alijua, lakini alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukavuka kwenda Nakonde. Pale benki kijana wa dirishani alizitazama kwa muda mrefu. Hakuwa na ubaya wowote. Ningependa angekuwa nao, ningepata wa kumchukia.

"Bamayo, hizi muda wake umekwisha," alisema. Huko ndivyo wanavyomwita mama kwa heshima. "Sina pa kuzipeleka."

"Ni zenu wenyewe," Shangazi alimjibu taratibu. "Nilipewa na watu wenu."

Kijana alikubali kwamba ni zao, akazisukuma zirudi chini ya kioo. Njiani Shangazi hakulia. Aliniuliza tu kama nilipata kumwambia baba, nikasema hapana, naye akasema, "Ulifanya nilivyokuagiza." Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa shukrani au lawama. Baba alipojua hakumgombeza. Alitoka nje, akakaa barazani hadi chakula kikapoa. Shangazi alirudi Isansa kulima shamba la mama yake, na hakuuza tena chochote mpakani.

Sasa mimi ni mwalimu Mkwajuni, na mshahara wangu wote unaishi kwenye simu, haunuki chochote. Juzi juzi, nchi yetu ilipotangaza kuondoa noti za zamani za shilingi, sikungoja. Nilipanda gari hadi Vwawa, nikachukua bodaboda hadi Isansa, nimejiandaa kubishana, nimejiandaa hata kuchana magodoro. Shangazi, ambaye sasa anatembelea fimbo, alisikiliza hadi mwisho, akaniambia hana noti hata moja. Kila alichopata alikigeuza mahindi. Alinifungulia chumba cha uani nione magunia yalivyopangwa hadi darini. Nikaweka kiganja juu ya gunia la karibu, na unga ukachuruzika kupitia nyuzi zake. Wadudu, wale tunaowaita scania, walikuwa wameingia. Tulifungua la pili, tukafungua la tatu.  Shangazi alileta ungo, nami nikavua viatu, nikaketi sakafuni kando yake, tukaanza kuchambua punje ambazo bado zilikuwa nzima.